Mwongozo Kamili: Namna ya Kuamua Kama Ujiunge na Timu ya Klabu ya Michezo Katika Chuo cha Marekani

Kila mwaka, muhula wa Agosti unapofunguliwa, wanafunzi wetu waliotoka Dar es Salaam, Nairobi, Mombasa au Bujumbura, pamoja na vijana wa familia za Kikongo zilizohamia Marekani, hujiandikisha katika timu za klabu za vyuo vyao. Ikifika Oktoba, baadhi yao wameshajitoa, ada imelipwa na hairudi, na alama za mitihani ya katikati ya muhula haziridhishi. Kosa huwa ni lile lile: wanajiuliza kama wanaweza kucheza, wakati swali lenyewe ni kama muhula wao una nafasi ya kuibeba timu.

Mwongozo huu unamlenga mwanafunzi wa shahada ya kwanza. Hatua zifuatwe kwa mpangilio zilivyowekwa, kwa sababu majaribio ya uwanjani yamewekwa karibu na mwisho kwa makusudi. Mtu akishachaguliwa, hesabu zote hugeuka kuwa visingizio vya kukubali.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

- Muhtasari wa kila kozi unayosoma, wenye tarehe za mitihani na za kuwasilisha kazi.
- Ratiba yako ya kazi, kama unafanya kazi.
- Taarifa ya benki ya miezi miwili iliyopita.
- Hati kamili ya bima yako ya afya. Kadi peke yake haitoshi.
- Fomu yako ya I-20, yaani hati ya chuo inayothibitisha uandikishaji wako, kama unasoma kwa viza ya F-1 ya wanafunzi wa kigeni.
- Ratiba ya mechi za klabu za mwaka uliopita, kiasi cha ada, na kanuni za kurudishiwa ada. Hivi huombwa kwa mhazini wa klabu.
- Karatasi, kikokotoo, na jioni mbili zisizo na shughuli nyingine.

Klabu ikishindwa kukupa ratiba ya mwaka uliopita au kiasi cha ada kwa maandishi, usiendelee nayo hadi itakapokupa. Timu ambayo mhazini wake hajui ilitumia nini mwaka jana itakuja kukudai katikati ya muhula.

## Hatua ya kwanza: Tambua timu ni ya daraja gani

Vyuo vya Marekani vina madaraja matatu ya michezo, na wageni wengi huyachanganya. Daraja la juu ni timu rasmi ya chuo, inayocheza chini ya vyama vya michezo ya vyuo kama NCAA, NAIA au NJCAA. Ina makocha walioajiriwa, wachezaji wake wengi husajiliwa wakiwa bado sekondari, na ndiyo inayoweza kutoa ufadhili wa masomo kwa ajili ya mchezo. Daraja la chini ni mashindano ya ndani ya chuo, ambapo watu wa bweni moja au kozi moja huunda timu, hucheza mara moja kwa wiki kwa majuma machache, na hawasafiri kwenda popote.

Timu ya klabu iko katikati. Huvaa jina na rangi za chuo na husafiri kucheza na vyuo vingine, lakini huendeshwa na wanafunzi wenyewe chini ya uangalizi wa idara ya mazoezi na burudani. Rais wa klabu ni mwanafunzi, mhazini ni mwanafunzi, na anayetafuta hoteli ya safari ya Jumamosi huenda akawa kijana wa mwaka wa pili mwenye mtihani wa kemia Jumatatu. Sehemu ya fedha hutoka chuoni, na iliyobaki hutoka mifukoni mwa wachezaji.

Jina la chuo kwenye jezi huwapotosha watu, na huipotosha zaidi familia iliyoko nyumbani. Mzazi aliyeko Morogoro akiona picha yako umevaa jezi ya chuo ataamini kwamba umepata ufadhili, ilhali wewe ndiye unayelipa ili uivae. Mweleze mapema, kabla hajawatangazia ndugu.

Onyo: usijiunge na klabu kwa matumaini kwamba ni ngazi ya kupandia timu rasmi. Hutokea, lakini mara chache mno, na haifai kuwa sababu ya kufanya uamuzi.

Utajua kwamba umeimaliza hatua hii ukiweza kutaja timu inacheza chini ya shirikisho gani na fainali zake huwa mwezi gani. Kwa mfano, mashindano ya taifa ya soka ya klabu yanayosimamiwa na NIRSA hufanyika Novemba, ya mpira wa wavu chini ya NCVF hufanyika Aprili, ya mpira wa magongo wa barafuni chini ya ACHA huwa Machi, na ya mchezo wa kisahani cha kurusha (frisbee) chini ya USA Ultimate hufika kilele Mei. Mwezi huo utauhitaji katika hatua inayofuata.

## Hatua ya pili: Hesabu saa za wiki, kisha hesabu wiki mbaya kuliko zote

Wiki ina saa 168. Mwanafunzi anayelala saa 8 kila usiku anabakiwa na 112. Krediti, yaani kipimo cha uzito wa kozi, moja hukadiriwa kuwa saa moja darasani na angalau saa mbili za kujisomea kwa wiki, hivyo krediti 15 ni saa 45. Tuseme unafanya kazi maktaba saa 20. Zinabaki 47. Toa saa 4 kwa siku za kupika, kula, kuoga, kufua, kusubiri basi, kuswali au kwenda kanisani, na kuzungumza na nyumbani, yaani saa 28 kwa wiki. Umebakiwa na saa 19.

Timu inayofanya mazoezi mara tatu kwa wiki, saa mbili kila mara, ukiongeza muda wa kwenda, kurudi na kubadili nguo, huchukua takriban saa 9. Hapo ndipo watu wengi huweka kalamu chini, wakaona kwamba 9 ni chini ya 19, wakajisajili.

Usisimamie hapo. Chukua ratiba ya mwaka uliopita na utafute wiki yenye mechi ya ugenini. Kuondoka chuoni saa 12 asubuhi ya Jumamosi na kurudi saa 3 usiku ni saa 15. Zikijumlishwa na zile 9 zinakuwa 24, na saa 5 ulizozidisha zitatoka katika usingizi au katika vitabu. Mashindano ya siku mbili huila Jumapili pia, na Jumapili ndiyo siku ambayo wengi wetu hulipa madeni ya masomo ya wiki nzima.

Sasa weka ratiba ya mechi kando ya mihtasari ya kozi na utie alama kila mahali safari inapoangukia ndani ya siku tatu kabla ya mtihani. Soka ya klabu hufikia kilele Novemba, wiki chache kabla ya mitihani ya mwisho. Mgongano mmoja unavumilika ukizungumza na mwalimu mapema. Migongano mitatu katika muhula mmoja ni jibu tosha. Kumbuka pia kwamba timu rasmi hupewa na chuo barua za kuruhusiwa kukosa kipindi, ilhali mchezaji wa klabu mara nyingi hana barua hiyo na hutegemea huruma ya mwalimu.

Uliza mazoezi huanza saa ngapi hasa. Viwanja na kumbi hugawiwa timu rasmi kwanza, na klabu hupewa muda uliobaki. Si ajabu kukuta mazoezi ya saa 4 usiku hadi saa 6 usiku, hasa majira ya baridi ambapo kila mchezo unagombea ukumbi. Kama una kipindi saa 2 asubuhi na basi la mwisho huondoka saa 5 usiku, mchezo wenyewe hauna tatizo, ila wewe hutaumudu.

Kwa Waislamu kuna hesabu ya ziada. Mwaka 2026 na 2027 Ramadhani inaangukia Februari na Machi, katikati ya msimu wa michezo mingi ya muhula wa pili. Muulize rais wa klabu moja kwa moja kama anayefunga anaweza kupunguziwa mazoezi bila kupoteza namba, na upime jinsi anavyokujibu.

Kufaulu hapa ni kuwa na karatasi moja inayoonyesha wiki ya kawaida na wiki mbaya kuliko zote, na bado una usingizi wa saa 7 katika hiyo mbaya.

## Hatua ya tatu: Hesabu fedha pamoja na mshahara utakaoukosa

Ada za klabu hutofautiana sana. Mchezo unaohitaji kisahani na uwanja wa nyasi hugharimu kidogo, na mpira wa magongo wa barafuni, unaohitaji kukodi barafu yenyewe, unaweza kufika maelfu ya dola kwa mwaka. Usikubali jibu la jumla kutoka kwa mtu uliyemkuta kwenye meza ya maonyesho ya klabu. Uliza vitu kimoja kimoja: ada, jezi, usajili wa shirikisho, hoteli, mafuta ya gari, na chakula cha safarini.

Tuchukue mfano wa kubuni wa timu ya soka. Ada ni dola 250, jezi 60, njumu na vilinda ugoko 90, chakula cha safari nne 120, na mchango wa hoteli ya usiku mmoja 80. Jumla ni dola 600. Anayelipwa dola 13 kwa saa na kufanya kazi saa 15 kwa wiki hupata dola 195 kabla ya kodi, hivyo timu hii inamgharimu mshahara wa zaidi kidogo ya wiki tatu.

Kiasi hicho bado si kamili. Kama zamu yako ni ya saa 6 kila Jumamosi, safari nne zitakunyima dola 312 nyingine, na gharama halisi inakuwa dola 912. Kipengele hiki hakimo katika karatasi yoyote ya mhazini, nacho ndicho kinachowaumiza wanafunzi wanaotuma fedha nyumbani. Ada ya mdogo wako huko Kigoma haingoji msimu uishe.

Mambo mawili ya kuuliza kabla hujaondoka mezani: tarehe ya mwisho ya kurudishiwa ada, na kama klabu ina msaada kwa wasioweza kulipa zote kwa mkupuo. Baadhi ya klabu hukubali malipo ya awamu, lakini huwapa wanaoomba tu. Kuomba si aibu. Wamarekani wenzako wanaomba.

Onyo: usikubali kununua mafuta au kulipia hoteli ya timu nzima kwa kadi yako kwa ahadi ya kurudishiwa, isipokuwa una uwezo wa kukaa wiki kadhaa bila fedha hizo. Urejeshaji hupitia ofisi za chuo, na ofisi hazina haraka.

## Hatua ya nne: Soma bima yako hadi kwenye ukurasa wa visivyolipwa

Watu huiruka hatua hii kuliko zote, nayo ndiyo yenye hatari kubwa zaidi. Kuvunjika mguu Marekani bila bima inayolipa kunaweza kukuachia deni linalozidi karo ya muhula, na gari la wagonjwa peke yake lina bili yake.

Fungua hati kamili na utafute sehemu inayoorodhesha mambo ambayo bima haiyalipii. Baadhi ya bima za wanafunzi huondoa majeraha yanayopatikana katika mashindano baina ya vyuo, na maneno hayo yanaweza kuigusa au yasiiguse timu ya klabu kutegemea yalivyoandikwa. Usiyatafsiri mwenyewe. Piga simu kwa kampuni ya bima au uandikie ofisi ya bima ya chuo, uliza kama jeraha la mazoezini na la mechi ya klabu yote mawili yanalipiwa, na uombe jibu kwa barua pepe. Kisha tafuta kiasi ambacho lazima ulipe mwenyewe kabla bima haijaanza kulipa. Kama kiasi hicho ni dola 500 na akiba yako ni dola 200, unajua pa kuanzia kabla ya kununua njumu.

Klabu itakupa pia hati ya kukubali hatari. Kwa kuisaini, kwa kawaida unakubali kwamba chuo hakitawajibika kwa majeraha ya kawaida ya mchezo. Watu wengi huisaini kwenye simu wakiwa wamesimama kwenye foleni. Isome umekaa.

Uliza nani hushughulikia majeruhi siku ya mechi. Kwa raga, mpira wa magongo na soka, uliza hasa kuhusu mtikisiko wa ubongo. Mchezaji anayeshukiwa kuupata hatakiwi kurudi uwanjani siku hiyo, hata akisema yuko salama. Nahodha akikujibu kwa kucheka kwamba "tunakaza tu," hapo umeshapata jibu lako.

## Hatua ya tano: Kwa wenye viza ya F-1

Mwenye ukaazi wa kudumu au uraia anaweza kuiruka hatua hii.

Viza ya F-1 inamtaka mwanafunzi wa shahada ya kwanza awe na angalau krediti 12 kila muhula wa kawaida. Mchezaji aliyeelemewa huwa na tabia ya kuacha kozi moja ili apumue. Kama una krediti 12 kamili, kuacha kozi kabla ya kupata idhini ya ofisi ya wanafunzi wa kimataifa kunaweza kukuvunjia hadhi yako ya kuishi nchini. Kwa hiyo, anayefikiria timu na ana krediti 12 tu hana pa kupunguzia, na anapaswa kujua hivyo kabla ya kusaini.

Kucheza bila malipo hakuna shida. Malipo ndiyo yenye mipaka. Kazi za ndani ya chuo, zikiwemo za urefa wa mashindano ya ndani zinazolipwa na chuo, huingia katika kikomo cha saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, pamoja na saa zako za maktaba. Kufundisha watoto wa mtaa wako mpira kwa malipo, nje ya chuo na bila kibali, ni kazi isiyoruhusiwa, hata kama ni nahodha wako aliyekutafutia. Mashindano yakiwa Kanada, hakikisha I-20 yako ina saini halali ya safari na viza yako bado inakuruhusu kurudi.

Na pombe. Umri wa kisheria ni miaka 21, na kukamatwa ukiendesha gari umelewa kunaweza kusababisha viza yako ifutwe. Sherehe za baada ya mechi ni sehemu ya klabu nyingi, kwa hiyo jua mapema utarudi vipi na gari la nani.

## Hatua ya sita: Hudhuria mazoezi kama mtazamaji

Usiende wiki ya kwanza, kwa kuwa wiki hiyo kila mtu huwa mchangamfu. Nenda Alhamisi ya wiki ya tatu, mvua ikinyesha ni vizuri zaidi, ukae pembeni. Hesabu waliofika kisha ulinganishe na idadi iliyoko kwenye orodha. Tazama nani anakusanya koni na mipira mwishoni: kama ni wageni peke yao kila mara, utakuwa wewe mwakani. Sikiliza anayekosea pasi anaambiwa nini na anaambiwa na nani. Tazama wasio na gari wanaondokaje usiku ule, kama kuna anayeuliza "nani anahitaji lifti?" au kila mmoja anawasha gari lake na kupotea.

Kisha mtafute mchezaji wa akiba, wala si nyota wa timu, umuulize alicheza dakika ngapi mwaka uliopita na kama alisafiri. Analipa ada ile ile, na atakuambia ukweli ambao rais wa klabu hawezi kukuambia. Muulize pia aliyeacha timu, ukimpata.

Swali moja lisikosekane: wageni hukaribishwa vipi? Kulazimishwa kunywa, kukosa usingizi au kudhalilishwa ili ukubaliwe ni kosa katika majimbo mengi, na sheria ya serikali kuu ya Marekani iliyosainiwa Desemba 2024 inavitaka vyuo kuchapisha ripoti za vikundi vilivyothibitika kufanya hivyo. Tafuta ripoti hiyo kwenye tovuti ya chuo na uone kama klabu yako imo.

Uliza nani huendesha gari safarini. Dereva anapaswa kuwa amepitishwa na chuo, na kuwe na kanuni kuhusu kuendesha usiku wa manane. Saa nne za barabara kuu baada ya mechi mbili, dereva akiwa mmoja wa waliocheza, ni hatari kubwa kuliko chochote kitakachokupata uwanjani.

## Hatua ya saba: Nenda kwenye majaribio

Sasa unaweza kwenda. Klabu za soka, mpira wa wavu na kikapu huwa na mchujo mkali, wakati za raga, makasia na mchezo wa kisahani mara nyingi huwapokea wasiowahi kucheza. Fika mapema, beba maji, na useme ukweli kuhusu majeraha ya zamani.

Ukiachwa, umepoteza jioni mbili tu. Ukichaguliwa, usijibu usiku ule. Omba saa 48. Klabu isiyoweza kukungoja siku mbili haitakungoja ukiwa na mtihani.

## Hatua ya nane: Toa jibu, na uweke tarehe ya kulipitia upya

Kubali ikiwa mambo manne yamekamilika: wiki mbaya kuliko zote inakuachia usingizi wa saa 7, gharama halisi hailigusi fungu la kodi ya nyumba, karo au fedha za kutuma nyumbani, una jibu la bima kwa maandishi, na ulichokiona Alhamisi ile kilikuvutia. Likikosekana moja, kataa kwa muhula huu. Sioni haja ya kupimia yapi ni mazito zaidi, maana kila moja linatosha kukuangusha.

Anayekataa aandike ujumbe mfupi kwa rais wa klabu: "Nashukuru kwa nafasi. Muhula huu siwezi kutimiza ratiba ya mazoezi na safari. Ningependa kujaribu tena Januari." Milango hubaki wazi, kwa kuwa klabu nyingi hupungukiwa wachezaji katika muhula wa pili. Wakati huo huo cheza mashindano ya ndani ya chuo, au tafuta mpira wa Jumapili wa jumuiya za Waafrika katika mji wako, ambako ada huwa ni kuleta maji.

Anayekubali aweke kwenye kalenda siku tatu kabla ya tarehe ya mwisho ya kurudishiwa ada. Siku hiyo atoe ile karatasi ya saa, aandike kando saa alizotumia kwa kweli, na atazame alama zake za mitihani ya kwanza darasani. Zikiwa zimeshuka, ajitoe wakati huo huo kwa barua pepe, arudishe jezi kwa mkono kwa mhazini, na adai stakabadhi.